Kompyuta ya Kukimbizia Magari

Mwanaheri Mwinjuma alikuwa na miaka thelathini na sita, hajawahi kuendesha hata baiskeli, lakini pale ofisini kwao Kurasini hakukuwa na mtu wa kumshinda kukimbiza gari. Gari lenyewe lilikuwa jekundu, na lilikuwa ndani ya kompyuta.

Ofisi ilikuwa ya kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Mwanaheri aliajiriwa pale mwaka 1987 kuwa mpiga chapa, na kwa miaka minane alikaa na taipureta moja kubwa ya chuma, akiipiga kwa kasi hadi wateja waliosubiri kwenye benchi wakawa wanageuka kumtazama. Biashara ilipofunguliwa na mizigo ikazidi, meneja wao, Bwana Projestus, akanunua kompyuta. Makarani wengine wawili waliipitia mbali, wakaogopa kuiharibu. Mwanaheri aliikalia siku ileile. Herufi zilikuwa zilezile alizozijua, zimekaa palepale. Hayo mengine angejifunza.

Mwezi wa pili, akiwa anatafuta barua aliyosahau ameihifadhi wapi, akaukuta mchezo wa magari. Aliyewauzia kompyuta ile ama aliusahau humo au aliuacha makusudi. Ulikuwa na barabara inayopita kando ya bahari, inapanda mlima, inaingia kwenye handaki refu na kurudi mjini, na magari manane yanashindana. Siku ya kwanza Mwanaheri aligonga ukuta mara kumi na moja. Baada ya miezi sita alikuwa anamaliza chakula chake cha mchana kwa dakika tano, na muda wote uliobaki alikuwa barabarani. Mchezo ulitunza orodha ya washindi kumi bora. Tisa kati yao waliitwa HERI, ambaye ni yeye. Aliyeshika nafasi ya tisa aliandikwa XYZ, na kila alipouliza ofisini ni nani, watu walitikisa kichwa.

Jumatatu moja ya Machi 1998 akafungua kompyuta na mchezo haukuwepo.

"Nimeufuta," alisema Bwana Projestus akiwa amesimama mlangoni, bila kumtazama usoni. "Kompyuta ni ya kazi."

"Sawa, bosi," alijibu Mwanaheri, akaingiza karatasi kwenye printa.

Hakubisha kwa sababu hakuwa na la kubisha. Na pia kwa sababu mpiga chapa mzuri hutunza nakala ya kila kitu: mchezo ule alikuwa nao kwenye diski nne bapa, zimefungwa kwenye leso ndani ya mkoba wake, tangu mwaka uliopita. Alichokosa ni pa kuziingiza.

Wiki mbili alikaa kama mtu aliyehamwa na rafiki. Mama yake, Bi Rukaiya, aliyekuwa akiishi naye kwenye nyumba yao ya Tandika, alimuuliza kama anaumwa. Haumwi. Kuna mtu amemuudhi? Hakuna. Mwanaheri aliwahi kuolewa Mbagala miaka mitatu, wakaachana kwa salama, akarudi nyumbani, na tangu hapo kila pesa iliyozidi kidogo ilikwenda kwenye jambo la maana. Alibadilisha bati. Alisomesha mdogo wake. Alimnunulia mama kitanda cha mninga na yeye mwenyewe akabaki na cha kamba. Hakuna hata kimoja alichokijutia. Lakini jioni moja, akikuna nazi uani, akajiambia kwa sauti, "Sasa mie nataka changu."

"Chako nini?" mama yake aliuliza kutoka ndani.

"Nazi, mama. Nasema hii nazi yangu nzuri."

Wakati huo alikuwa kwenye mchezo, ule wa kina mama wa kuchangiana: wanawake kumi na wawili wa Tandika, kila mwezi kila mmoja anatoa elfu ishirini, na mmoja wao anachukua zote. Yeye alikuwa amepata namba kumi na moja, karibu mwisho wa mwaka. Mwezi huo wa Aprili zamu ilikuwa ya Farida, rafiki yake wa tangu madrasa, muuza vitenge na mashuka sokoni. Mwanaheri akamfuata nyumbani kwake.

"Tubadilishane namba, shoga," alisema kabla hata ya kukaa vizuri.

"Kuna nini? Mama mgonjwa?"

"Mama mzima. Nataka kununua kompyuta."

Farida aliweka chini shuka alilokuwa akilikunja. "Ya nini?"

Hapo ndipo ukweli ulipomkwama. Mbele yake alikaa mwanamke aliyeshinda juani tangu asubuhi akibembeleza wateja, mwenye binti wa kuozwa mwezi wa tisa. Angemwambiaje kwamba anataka kukimbiza gari?

"Ya kuchapia," alisema Mwanaheri. "Biashara. Barua za watu, risala, kadi…"

"Kadi za harusi utaweza?"

"Ntaweza sana."

Farida alitazama sebule yake. Viti viwili vya mbao, kimoja kimefungwa kamba mguuni. "Mie nilitaka makochi kabla ya harusi," alisema taratibu. "Wakwe wakija wakae mahali. Lakini biashara ni biashara, makochi hayazai. Haya, chukua wewe. Ila kadi za mwanangu unazichapa wewe, bure."

"Bure kabisa."

Mwanaheri akatoka na ahadi ya laki mbili na arobaini. Moyoni kulikuwa na kitu kinamchoma kama mwiba wa samaki uliokaa vibaya, lakini miguu yake ilikuwa myepesi, na alipofika nyumbani alikuwa anaimba.

Fundi aliyemjua ni mmoja, Gaudens, kijana wa watu wa Songea aliyekuwa akija kutengeneza kompyuta ya ofisini. Alikuwa na chumba chake cha kazi Kariakoo, ghorofa ya pili, kimejaa kompyuta zilizopasuliwa matumbo. Gaudens alizungumza polepole, akimaliza neno moja kwanza ndipo aanze jingine.

"Dada Mwanaheri, unataka kompyuta ya kazi gani?"

Uongo mmoja ulimtosha. "Ya mchezo," alisema, akafungua leso, akaziweka diski nne mezani. "Huu. Na sitaki mwingine."

Alingoja acheke. Gaudens alizichukua diski akazigeuza, akazitazama kama daktari anavyotazama cheti cha mgonjwa.

"Vizuri," alisema. "Watu wanakuja hapa wananiambia nataka kompyuta nzuri. Nzuri ya kufanya nini, hawajui. Wewe umekuja na kipimo chako mkononi. Hakuna kitu utalipia hapa kabla hujakijaribu na gari lako."

Kompyuta nzima, mpya, kwenye maduka ya mjini ilikuwa zaidi ya mara tatu ya pesa zake. Kwa hiyo wangekusanya kipande kimoja kimoja, vingine vipya, vingi vilivyokwishatumika. Gaudens alitandika gazeti mezani, akaweka juu yake bodi tupu, bila kasha, nyaya zikining'inia.

"Kinacholikimbiza gari lako ni vitu vitatu," alisema. "Prosesa, ndiyo inapiga hesabu zote. Memori, hapo ndipo mchezo unapotandaza vitu vyake ukiwa unafanya kazi, kama mama anavyotandaza viungo mezani akipika. Na kadi ya picha. Vingine vyote ni abiria."

"Tuanze na dereva, basi," alisema Mwanaheri, akavuta kigoda.

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya kwanza. Gaudens aliweka prosesa ya kasi ya sitini na sita, na gari likapanda mlima likirukaruka kama panzi. Akaiondoa, akaweka ya mia. Gari likatulia, likachukua kona zote. Kisha, kwa sababu alikuwa na roho nzuri na hakuona hatari yake, akaleta bodi nyingine yenye prosesa ya aina mpya kabisa. Mwanaheri alipita kwenye handaki mara moja tu. Gari lilikwenda kama limepakwa mafuta chini. Akaacha kibodi, akaweka mikono mgongoni.

"Hii bei gani?"

Gaudens alimtajia.

"Itoe," alisema Mwanaheri. "Itoe haraka, nisije nikaizoea."

Akachukua ile ya mia.

Jumamosi ya pili walifika kwenye memori. Kwa megabaiti nne mchezo ulisimama kila gari lilipotoka handakini. Kwa nane ulikwenda sawasawa. Gaudens akapendekeza kumi na sita. Mwanaheri akaomba saa ya mkononi ya Gaudens, akaiweka mbele yake, akazunguka barabara nzima kwa nane, kisha kwa kumi na sita.

"Muda uleule," alisema. "Sasa hizo nane za juu nazilipia nini?"

"Za kesho, dada. Michezo ya kesho itahitaji."

"Kesho ntarudi."

Diski ya kuhifadhia akachukua ndogo kuliko zote zilizokuwepo, kwa kuwa alitaka kuhifadhi mchezo mmoja. Sehemu ya kuweka santuri za sidii akaikataa. Gaudens alipomletea kipanya cha kompyuta, akakisukuma pembeni. "Panya nnao tele darini, sinunui mwingine. Gari linaendeshwa kwa vidole."

Kwenye kibodi ndipo alipomshangaza. Gaudens alikuwa na lundo la kibodi kwenye boksi, zote kwake zilikuwa sawa, akamwambia achukue yoyote. Mwanaheri alizijaribu zote, moja baada ya nyingine, amefumba macho, akiandika sentensi ileile ya kuomba mzigo utolewe bandarini. Hii laini mno. Hii herufi A inachelewa. Hii inapiga kelele bila kazi. Ya kumi na tatu ilikuwa nzito kama tofali, imegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara, na kitufe kimoja cha pembeni kilikuwa kimeng'oka. Akaipiga, akatabasamu, akaipiga tena.

"Hii."

"Hiyo nilitaka kuitupa," alisema Gaudens.

"Basi nipunguzie."

Akampunguzia hadi karibu bure.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu. Pesa iliyobaki ilitosha kitu kimoja kati ya viwili: monita ya rangi bila sauti, au monita ya nyeusi na nyeupe pamoja na kadi ya sauti na spika mbili ndogo. Vyote viwili haviwezekani. Walipiga hesabu kwa namna tatu na jibu likawa lilelile.

"Hapa watu wote wanachagua rangi," alisema Gaudens. "Ni kawaida."

Mwanaheri naye alikuja na rangi kichwani. Kompyuta ya ofisini ilikuwa na rangi, na haikuwa na sauti ila mlio mwembamba wa kifaranga kila gari lilipogonga. Alijua gari lake jekundu, alijua bahari ya buluu. Aliona kama akikubali nyeusi na nyeupe atakuwa ameuziwa nusu ya mchezo.

"Nisikie kwanza hiyo sauti," alisema. "Kipimo ni kipimo."

Gaudens akachomeka kadi ya sauti na spika. Mwanaheri akawasha gari, na gari likanguruma. Alishtuka akarudi nyuma na kigoda chake. Kisha akasogea, akaanza kwenda. Injini ilipanda sauti kadiri alivyoongeza kasi, ikafika mahali ikalia kama inamwomba kitu, na vidole vyake, bila yeye kuviambia, vikabadilisha gia. Akasikia upepo wa gari la nyuma upande wa kulia kabla halijatokea kwenye kioo. Tairi zililalamika kwenye kona. Alipoingia handakini sauti yote ilijikusanya ikamfunika kichwa, na alipotoka upande wa pili ikafunguka, kweupe.

Alikuwa amemaliza mzunguko kwa sekunde nne pungufu ya rekodi yake.

"Miaka mitatu nimekimbia nikiwa kiziwi," alisema.

"Lakini rangi, dada…"

"Rangi nazijua. Bahari ni buluu, nikiiona nyeupe ntakumbuka. Lakini hii siwezi kuikumbuka, maana sikuwahi kuisikia." Akafungua mkoba. "Nipe nyeusi na nyeupe. Na hizo spika."

Zilipokwisha kulipwa, hakukubaki hata shilingi ya kasha la kuvitia vitu vile. Gaudens akampa bure bamba la chuma la kasha bovu, la kufungia bodi. Mengine akasema itabidi wasubiri mwisho wa mwezi. Mwanaheri hakutaka kusubiri. Nyumbani kwao, chumba cha uani, kulikuwa na mpangaji anayeitwa Benjamin, mchonga vinyago kutoka Newala, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia.

"Kasha la mbao naweza," alisema Benjamin alipochorewa vipimo. "Mbele nikuchongee nini? Shetani?"

"Sitaki shetani kwenye kompyuta yangu. Usichonge kitu."

"Mbao tupu siwezi kuitoa mkononi, dada. Nitaonekana sijamaliza."

Kasha lilipokuja, la mninga, limepigwa msasa likang'aa, mbele yake kulikuwa na kobe.

"Benjamin! Nilikwambia ni mchezo wa mbio."

"Ndiyo. Lakini kobe ndio namchonga haraka."

Jumapili ya tarehe kumi Mei, Gaudens alifika Tandika na mfuko wa bisibisi. Alimwamkia Bi Rukaiya, "Shikamoo mama," akapewa chai na vitumbua, ndipo akaruhusiwa kushika kazi. Saa nane mchana kompyuta ikawaka chumbani kwa Mwanaheri. Saa nane na nusu, gari likiwa katikati ya mlima, ikaganda. Gaudens aliingiza mkono ndani ya kasha akautoa haraka.

"Hii ni tanuri. Mbao haitoi joto, na hewa haina pa kupita."

Benjamin akaitwa. Alilitazama kasha, akaleta keekee yake, akatoboa matundu arobaini ubavuni na mengine juu, akayapanga kwa mistari kama vitobo vya kofia. Gaudens akageuza feni itazame nje. Wakawasha tena, wakangoja, wakanywa chai ya pili. Kompyuta ikakaa mpaka magharibi bila kuganda, na Mwanaheri aliizima mwenyewe kwa ajili ya sala.

Bi Rukaiya alikuwa amekaa kitandani muda wote akitazama. Wageni walipoondoka aliuliza swali moja tu.

"Farida anajua kompyuta hii kazi yake ni hii?"

"Bado, mama."

"Haya," alisema mama, akaenda kutia maji ya udhu.

Miezi miwili ilipita, na Mwanaheri alikuwa na furaha ya kweli, ile ya mtu anayerudi nyumbani akijua kuna kitu kinamngoja. Alijifunza kuusikia mlima. Aligundua kwamba gari la tatu lilikuwa na injini mbaya na lingeweza kupitwa penye daraja. Kila alipokutana na Farida sokoni aliongea haraka juu ya bei ya nyanya. Mpaka Jumamosi moja ya Julai, saa kumi jioni, Farida alipopiga hodi na kuingia moja kwa moja, kama alivyozoea, akiwa na karatasi mbili za majina mkononi.

"Shoga, kazi hiyo nimekuletea. Kadi mia na ishirini, na ya kwanza nataka…" Injini ilikuwa inanguruma kwenye spika. "Hiki nini?"

"Gari."

"Gari naliona. Barua za watu ziko wapi?"

Mwanaheri alisimamisha gari.

"Hamna barua, Farida. Sina hata printa. Hii nilinunua nicheze. Nilikudanganya."

Farida alikaa ukingoni mwa kitanda, taratibu, karatasi zake mapajani. Alilitazama kasha, akamtazama kobe, akaitazama ile picha isiyo na rangi.

"Nimeyaacha makochi yangu kwa hiki."

"Ndiyo."

"Ungeniambia unataka kucheza, unadhani nisingekupa?"

"Ungenipa?"

"Sijui," alisema Farida. "Labda ningekupa, labda ningekufukuza. Lakini ningejua nimekupa nini."

Akaziacha karatasi za majina kitandani, akamuaga mama mlangoni kwa adabu zote, akaondoka. Mwanaheri angependelea amtukane.

Usiku ule hakugusa kompyuta. Jumatatu asubuhi, kabla makarani wengine hawajafika, aliingia ofisini kwa Bwana Projestus na kuomba ruhusa ya kutumia printa baada ya saa za kazi, jioni tatu. Karatasi ngumu za kadi atanunua mwenyewe.

"Nasikia una kompyuta nyumbani," alisema meneja. "Haichapi?"

Mwanaheri alikuwa amechoka kudanganya. Akamweleza yote, kuanzia diski nne za kwenye leso mpaka makochi. Bwana Projestus alisikiliza akizungushazungusha kalamu. Alipomaliza, meneja aliinuka akaenda kufunga mlango. Mwanaheri akajua kazi imeisha.

"Kwa hiyo ule mchezo," alisema Bwana Projestus kwa sauti ya chini, "nakala unayo?"

"Ninayo, bosi."

"XYZ ni mimi."

Mwanaheri alimtazama. Mtu mzima, mzee wa kanisa, mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea.

"Nilikuwa nabaki jioni mkishaondoka," alisema meneja. "Siku moja nikasahau kikao na watu wa bandari. Nimekaa hapo kwenye kiti chako, napanda ule mlima. Kesho yake nikaufuta. Sikuufuta kwa ajili yako, nilijiogopa mwenyewe." Akakohoa. "Lakini kuna jambo limenisumbua siku zote. Handaki lile. Mimi nagonga ukuta kila mara. Wewe unapitaje?"

"Unapunguza mwendo kabla hujaingia," alisema Mwanaheri. "Ukingoja mpaka uwe ndani, umechelewa."

"Kabla," alirudia Bwana Projestus, akiandika kitu kwa hewa na kalamu yake. "Kabla. Sawa. Printa tumia."

Kwa jioni tatu Mwanaheri alichapa kadi mia na ishirini, kila moja na jina la mwalikwa wake, akizipamba pembeni kwa nyota na mistari aliyoitengeneza kwa alama za kibodi, ufundi wa enzi za taipureta. Alipozipeleka, Farida alikuwa anachambua mchele. Alinawa mikono, akazipitia moja moja, Mwanaheri akiwa amesimama kama mwanafunzi.

"Jina la babu yake umelipatia," alisema Farida mwishowe. "Watu wote huwa wanalikosea."

"Nisamehe, Farida."

"Nilishakusamehe tangu Jumatano. Nilikuwa nangoja kadi tu." Akampa ungo. "Kaa hapo, nisaidie mchele."

Harusi ilifanyika Septemba na ilijaa. Wakwe walikaa kwenye mikeka mipya, miguu wameinyoosha, wakala pilau hadi wakalegea, na mama wa bwana harusi akasema mgongo wake haujawahi kupumzika vizuri namna ile tangu mwezi wa mfungo. Mwanaheri alitumikia sahani kuanzia asubuhi mpaka jioni, hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Wiki iliyofuata Farida alikuja, akavua viatu mlangoni, akavuta kiti mbele ya kompyuta.

"Haya. Nionyeshe hilo gari."

Mwanaheri alimfundisha: hiki kitufe mbele, hiki kusimama, hivi viwili kukata kushoto na kulia. Bi Rukaiya akaja kukaa kitandani na tasbihi yake, na Benjamin akasimama dirishani, mikono imejaa unga wa mbao. Mashindano yakaanza. Magari saba yakaondoka kwa kishindo, la Farida likabaki limesimama.

"Kanyaga!" alisema Benjamin.

"Msinikimbize. Ndio kwanza naingia mjini."

Akaondoka taratibu. Alipita kwenye nyumba, akiziangalia. Alipofika penye barabara ya kando ya bahari, akapunguza mwendo, akatoka nje ya lami, akasimama kabisa, gari limeelekea majini. Injini ikawa inanguruma chini kwa chini. Kwenye spika yakasikika mawimbi, ambayo Mwanaheri kwa mbio zake hakuwahi kuyasikia.

"Farida, wenzio wameshafika handakini!"

"Waache wafike."

"Utakuwa wa mwisho."

"Sawa tu." Farida aliegemea kiti, akakunja mikono kifuani, macho yake kwenye bahari ile nyeupe. "Mama, usogee huku uone. Pazuri hapa. Mwanaheri, we mwenyewe ulishawahi kusimama hapa?"

"Sijawahi."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote."

"Basi lete kiti chako, nyamaza kidogo," alisema Farida. "Tunapunga upepo."